Maswali na majibu: Kinda asiyejua kula si wa kuuzwa

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: makinda wa kasuku wanaouzwa kabla hawajajua kula wenyewe. Nimezichagua makusudi. Kila msimu wa kuangua ukifika, nafungua barua zile zile na kusoma vifo vile vile.

Mfugaji mmoja hapa Muscat ana kinda wa kasuku wa kijivu wa wiki 6. Ananipa kwa nusu ya bei ya yule anayekula mwenyewe, na anasema nikimlisha kwa mkono wangu atanizoea mimi tu. Nimchukue?

Usimchukue. Hilo ndilo jibu, yanayofuata ni sababu zake.

Kasuku wa kijivu huacha uji wa kulishwa kwa mkono akiwa na wiki 12 hadi 16, na wapo wanaochelewa zaidi ya hapo. Huyo wako bado ana mwezi na nusu mpaka miezi miwili na nusu ya bomba la kulishia, na kwa umri wake anataka kulishwa mara tatu au nne kwa siku. Unakwenda kazini saa ngapi? Nani atamlisha adhuhuri? Bei imepunguzwa kwa sababu kazi iliyobaki unapewa wewe, na hatari yake pia. Akifa, amefia kwako. Tena jozi iliyoondolewa makinda mapema hutaga tena upesi, kwa hiyo mfugaji ana faida ya pili katika haraka yake, na hiyo hakukutajia.

Sasa hilo la kuzoeana, ambalo ndilo limewauzia watu makinda wengi. Kasuku mashuhuri kuliko wote katika elimu ya wanyama, Alex, alinunuliwa na mtafiti Irene Pepperberg mwaka 1977 katika duka la wanyama mjini Chicago. Alikuwa na umri wa karibu mwaka mmoja, uji ameshausahau. Ndege huyo alijifunza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu, akafanya kazi na Pepperberg miaka 30 mpaka alipokufa 2007. Bomba halikuwa na sehemu katika urafiki wao. Porini nako kinda hufika siku akawaacha wazazi waliomlisha, akatafuta mwenzi wake kundini. Kwa kinda, anayemlisha ni mzazi, na mzazi huachwa. Anayekuja baadaye kwa upole, akacheza naye, akazungumza naye kila siku, ndiye anayedumu naye.

Na kulelewa kwa mkono kuna gharama yake kwa ndege mwenyewe. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha kasuku wa kijivu waliokwisha kukua. Waliotolewa kiotani kabla ya wiki 5 walikuwa na tabia nyingi zaidi za kurudiarudia jambo moja bila sababu, na waliolelewa kwa mkono walikuwa wakali zaidi kuliko waliolelewa na wazazi wao. Anayekuambia kinda wa bomba ni mpole kwa maisha yake yote hajafuga ndege huyo akafikisha miaka mitano.

Mpe mfugaji arubuni, amlee mwenyewe mpaka ale mwenyewe, nawe uwe unakwenda kumtembelea kila wiki. Akikataa, umeshamjua.

Uji wa kinda uwe na moto kiasi gani? Mimi napima kwa kidole. (Dar es Salaam)

Hili nimelijibu mara nyingi mno, na watu bado wanapima kwa kidole. Nunua kipimajoto leo, kabla hujamlisha tena. Uji uwe kati ya nyuzi 39 na 41. Ukizidi hapo unaanza kuunguza gole, ule mfuko wa chini ya shingo unaopokea chakula, na ubaya wake ni kwamba hutaona kitu siku hiyo. Kinda atakula, atalala, utafurahi. Siku kadhaa baadaye ngozi itatoboka na uji utamwagikia manyoya ya kifuani. Ukiwa wa baridi, gole husimama, chakula hakishuki, na kinachachia humo humo.

Maikrowevu usiiguse kwa kazi hii, hupasha mahali pengine kuliko pengine. Tumia maji ya moto yaliyopimwa, koroga vizuri, pima tena, ndipo ulishe. Uji uliobaki mwaga, usiuweke kwa mlo wa pili.

Kinda wa kwanza niliyempoteza alikuwa kokateli, kasuku mdogo mwenye kishungi, na nilimuunguza hivyo hivyo, kwa kidole changu. Sijapata kumsahau.

Nimlishe mara ngapi kwa siku?

Hukutaja aina yake wala umri wake wala uzito wake, basi siwezi kukujibu. Nunua mizani ya gramu, mpime kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, andika, kisha niandikie tena.

Kuna kijana hapa Mombasa anauza kinda wa kijivu, anasema katoka Kongo. Hana pete mguuni wala karatasi yoyote, na amedhoofu. Nikimnunua si nitakuwa nimemwokoa?

Hapana, ndugu yangu. Utakuwa umemlipa aliyemtoa kwenye tundu la mti, na kwa fedha yako atarudi kuchukua wengine. Kwa kila mmoja anayefika mjini akiwa hai, wapo waliokufa njiani ndani ya maboksi na vikapu.

Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimpandisha kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote. Maana yake biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa, na anayeuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine sharti awe amezaliwa kizuizini na awe na vibali. Hapo Kenya kumfuga tu bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa. Huruma yako haitasikilizwa mahakamani. Piga simu KWS, waeleze ulichokiona na mahali ulipokiona, na usibishane na huyo kijana.

Niseme na jambo ambalo hukuuliza. Ndege huyu ni wa kwetu. Misitu ya Kongo ni yake, Uganda yupo, na Kakamega ndio mpaka wake wa mashariki, mahali ambapo sasa wamebaki wachache mno. Tunawaza kasuku ni wa tunduni kwa sababu tumewamaliza mitini.

Kuhusu pete: pete isiyo na kiungo huvishwa kinda angali mdogo, wakati mguu bado unapenya. Haivishwi ndege mkubwa, ndiyo maana ni ushahidi wa kuzaliwa mikononi mwa mfugaji. Pete inayofunguka na kufungwa kwa koleo haithibitishi lolote, hata mwenye kuuza aking'ang'ania.

Niko Toronto. Mfugaji hataki kunipa ndege wangu mpaka afikishe wiki 16, na ameshachukua arubuni. Anachelewesha makusudi?

Ndiyo, makusudi, na umshukuru. Wafugaji wa namna hiyo ni wachache.

Utumie muda huo vizuri. Tafuta daktari wa mifugo anayejua ndege kabla hujamhitaji, maana wengi wanajua mbwa na paka tu. Toa jikoni masufuria yote yenye utando wa tefloni unaozuia chakula kugandia, mvuke wake yakiungua huua ndege kwa dakika chache. Mwulize mfugaji anakula nini hasa sasa, ununue kile kile. Omba kuona daftari la uzito: utakuta umeshuka kidogo alipoanza kuruka, hilo ni kawaida, lakini baada ya hapo uwe umetulia angalau wiki mbili bila bomba. Mwombe pia asikatwe manyoya ya mbawa kabla hajajifunza kuruka na kutua vizuri. Kinda aliyekatwa mapema huanguka anguka, na kasuku wa kijivu akiingiwa na woga huo hautoki upesi.

Na akifika kwako akaanza kulia kama mtoto akiomba kulishwa, usishtuke. Kuhama nyumba huwarudisha nyuma. Mpe chakula laini cha uvuguvugu kwa kijiko siku chache, ataacha mwenyewe.

Aliyeniuzia kokateli ameniambia nikitaka aache bomba nimnyime uji siku nzima, njaa itamfundisha. (Mwanza)

Usifanye hivyo kabisa. Njaa haimfundishi kinda kula, inamfundisha hofu, na kwa mwili mdogo vile siku nzima inatosha kumuua. Mwekee mashuke ya ulezi, mboga za majani zilizokatwa na chenga za nafaka tangu asubuhi, achezee, amwage, adonoe. Uji wa jioni uwe wa mwisho kuondolewa. Kokateli wengi humaliza kati ya wiki 7 na 10, na wako atamaliza kwa wakati wake.

Dume na jike, nani anasema zaidi kwa kasuku wa kijivu?

Hakuna tofauti ya kutegemea, na kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Wanapima DNA ya unyoya.

Nilinunua kinda wa wiki 5 hapa Sharjah. Siku ya tano alianza kutoa mlio mkavu akipumua, uji ukamtoka puani, usiku akafa mikononi mwangu. Je, ni mimi niliyemuua?

Dada yangu, pole sana. Ulivyoeleza, yaelekea uji ulipita njia ya pumzi ukaingia mapafuni. Hutokea bomba likisukumwa kwa kasi wakati kinda hamezi, au akilishwa huku amegeuza kichwa, na huwatokea hata wafugaji wa miaka 20. Mkono ulikuwa wako, lakini aliyemkabidhi kinda wa wiki 5 mtu ambaye hajawahi kushika bomba alijua linaloweza kutokea. Lawama kubwa ni yake.

Ila sina uhakika na sababu hiyo, nawe pia usiwe nao. Maradhi ya virusi huwaua makinda kwa haraka vile vile, na mengine hukaa kwenye tundu muda mrefu. Mwulize mfugaji, kwa maandishi, ndugu zake wa kiota kimoja wako hai? Na usilete ndege mwingine katika tundu hilo hata akikupa bure, mpaka ulioshe kwa dawa inayoua virusi na daktari awe amekuambia linafaa. Nawe ukipata homa na kikohozi wiki hizi, mwambie daktari kwamba ulikuwa na kasuku mgonjwa nyumbani, maana yako maradhi ya ndege hawa yanayomwambukiza mtu na yana dawa yakijulikana mapema.