Je, uongozi mpya umeifufua soka yetu?

SWALI: Mhariri, barazani petu hapa Malindi wazee husema soka ya Kenya ilizikwa pamoja na enzi za Gor Mahia ya 1987, ilhali vijana wanadai kwamba uongozi mpya umeifufua. Nani wa kuaminiwa?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wazee hawakosei kuhusu uwanjani, kwa kuwa mwaka huo Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, na kabla yake Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ilikuwa imebeba kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983. Lakini uongozi haukuwa wa kuonewa fahari siku zote (hili barazani halitajwi sana): Kenya ilipokonywa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996. Marufuku ya 2022, FIFA ilipoifungia Kenya soka ya kimataifa, basi haikuzua maradhi mapya ya uongozi.

Vijana nao wanaharakisha. Hussein Mohammed alichaguliwa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya Desemba 2024, na Agosti 2025 Kenya ikafika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ikatolewa na Madagascar kwa penalti. Wachezaji wale, hata hivyo, walilelewa na vilabu vyao muda mrefu kabla ya uchaguzi huo. Mimi ningempima kiongozi kwa jambo dogo zaidi: kama mwamuzi wa ligi ya kaunti hulipwa kwa wakati.