Sina malaria, vidonge vya SP ni vya nini?

SWALI: Nina mimba ya kwanza, miezi mitano. Kliniki wamenipima, malaria hakuna, lakini muuguzi kanipa vidonge vitatu vya SP. Mama mkwe anasema dawa hiyo kali itamdhuru mtoto. Nimevifunga kwenye pindo la kanga nikarudi navyo nyumbani. Nivimeze?
Mama kijacho, Muheza

JIBU: Dada, rudi navyo kliniki kesho ukavimeze mbele ya muuguzi, aandike kwenye kadi yako. SP ni dawa ya malaria ambayo mjamzito hupewa kama kinga, hata kama kipimo hakikuona kitu.

Kipimo cha kidoleni huona vimelea vilivyomo katika damu inayozunguka. Mjamzito ana maficho mengine: kondo la nyuma. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba chembe za damu zenye vimelea hunasa kwenye kondo kwa kushika kemikali iitwayo kondroitini salfati A. Hapo mama anaweza asisikie hata homa, kipimo kisione kitu, huku damu yake ikipungua na mtoto akikosa chakula na oksijeni ya kutosha. Ndipo mimba huharibika, mtoto huzaliwa mfu, au njiti kabla ya wiki 37, au na uzito chini ya kilo 2.5. Hata aliyekulia penye malaria tangu utotoni hana kinga dhidi ya vimelea vya kondo. Kinga hiyo hujengeka mimba baada ya mimba. Kwa hiyo wewe mwenye mimba ya kwanza ndiye tunayekuhofia zaidi.

Vidonge vyote vitatu humezwa kwa mkupuo, umekula au hujala. Dozi huanza wiki ya 13 na hurudiwa kila baada ya wiki nne au zaidi hadi kujifungua, zisipungue tatu. Mweleze mama mkwe kwamba ni miezi mitatu ya kwanza tu ndiyo haitolewi. Kichefuchefu kikija, hupita.

Angalia sana foliki asidi. Iliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, miligramu 0.4, haina shida. Ile ya miligramu 5 inayouzwa dukani huipunguza SP nguvu. Kama unameza Septrini kila siku au una mzio wa salfa, sema kabla hujapewa. Na SP si tiba: ukipata homa, kapime siku hiyohiyo. Chandarua chenye dawa ulalie kila usiku.

SWALI: Mdogo wangu aliugua malaria mimba ikiwa ya miezi minane. Mtoto kazaliwa na kilo 1.9. Tuangalie nini?
Shangazi, Kilifi

JIBU: Joto kwanza. Mtoto avuliwe, abaki na nepi na kofia, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi mchana na usiku, kwa njia ya kangaruu. Anyonye kila baada ya saa mbili au tatu. Akichoka kunyonya, maziwa yakamuliwe anyweshwe kwa kikombe.

Mkimbizeni hospitali akikataa kunyonya, akipata joto la 37.5 au zaidi, akipoa mwili, akipauka viganja, akiwa wa njano au akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika. Ombeni apimwe malaria pia, kwani vimelea huweza kumfikia tumboni, na wengi hudhani mtoto wa siku tano ni mdogo mno kuwa nayo. Chanjo zisichelewe hata wiki moja: kondo lililoshambuliwa humpitishia mtoto kinga pungufu ya mama.