Kwenu mnaoanza kazi ya meno: zebaki iogopeni pale ilipo

Wadogo zangu, nimewavumilia vya kutosha. Mkiwa mbele ya mgonjwa mnamwambia amalgamu yake, ile ziba ya jino ya rangi ya fedha yenye zebaki, inamuua polepole. Mkirudi chumba cha nyuma mnatupa kapsuli za amalgamu zilizotumika kwenye ndoo ya wazi, kisha mnakula pembeni yake. Hofu mnayo, ila mmeielekeza kusiko.

1. Jueni mnachoshika. Amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ikishagandamana hutoa mvuke kidogo sana, unaoongezeka mtu akitafuna au akisaga meno usiku. Zebaki ukiimeza, tumbo huichukua kidogo mno. Mvuke wake ukiuvuta, mapafu huchukua takriban asilimia 80. Sasa hesabuni wenyewe nani anakaa kwenye mvuke huo kutwa nzima. Mgonjwa anakwenda zake. Mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira za ghafla, figo kuvujisha protini: dalili hizo zimewapata sana watu wa kazini kuliko waliozibwa meno.

2. Msitoe amalgamu isiyo na kasoro kwa sababu tu mgonjwa ana wasiwasi. Hili nimelilipia. Nilipokuwa mgeni kama ninyi alikuja mama mmoja, magego yake ya chini yote yamezibwa kwa amalgamu. Amesoma mahali kwamba kichwa kinamuuma kwa ajili ya zebaki, anataka zitolewe zote. Kichwa kinauma saa ngapi? Anasaga meno? Sikuuliza. Kusema kweli, nilikuwa natafuta pa kuonyeshea ufundi wangu wa komposaiti, ziba ya rangi ya jino. Nikachoma ganzi, nikaanza. Mpira wa kutenga jino niliuona unanichelewesha. Maji ya handpisi, mashine ya kuchimbia jino, yalikuwa yananifunika kioo, nikayapunguza mpaka yakawa matone. Amalgamu ikageuka vumbi la kijivu linalong'aa, likatua kwenye ulimi wake, kwenye miwani yangu, na kwenye mkono wa muuguzi aliyekuwa ameshika sakisheni (mrija wa kufyonza) mbali na jino kwa kuwa sikumwelekeza. Barakoa nilivaa, nikajiona nimejikinga. Mvuke wa zebaki unapita kwenye barakoa ile bila kubisha hodi. Ile zebaki ilikuwa imetulia miaka yote, mimi ndiye niliyeiamsha.

Na bado. Gego moja nilichimba hadi nikakaribia kiini. Mama akarudi hajalala, shavu kalishika, jino likaishia kutibiwa mzizi. Kichwa nacho kiliendelea kuuma vilevile. Mkubwa wangu akamwambia aume meno, akamshika misuli ya taya kwa vidole viwili, akaniita nami niishike: migumu, imejaa. Alikuwa anasaga meno usiku. Akatengenezewa kinga ya kuvaa akilala, na kichwa kikapoa. Mkubwa hakunigombeza. Alinikabidhi mzizi ule niutibu mwenyewe, naye akavuta kiti akakaa nyuma yangu bila kusema neno, na yule mama akanipa pole mimi.

Kwa wanaopenda ushahidi: mwaka 2006 yalitoka matokeo ya majaribio mawili ya watoto, moja la New England, Marekani, jingine la Lisbon, Ureno. Waliozibwa kwa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi kwenye mkojo, lakini akili na kumbukumbu hazikutofautiana na za wenzao wa komposaiti.

3. Ikibidi kuitoa, kwa mfano jino limeoza chini yake: tengeni jino kwa mpira, maji mengi, sakisheni iguse karibu na jino, kateni vipande vikubwa badala ya kusaga, madirisha wazi.

4. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo, wekeeni kitu kingine. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulikaza masharti kwa makundi matatu ya kwanza mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya umeacha kuitumia tangu Januari 2025, isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu. Ila acheni kuwaonyesha wagonjwa picha za wagonjwa wa mji wa Minamata, Japani! Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, iliyotoka kiwandani ikaingia kwenye samaki.

5. Zebaki ikimwagika, ufagio hapana, mashine ya kufyonza vumbi hapana kabisa: inaipasha moto na kuipuliza chumba kizima. Mulikeni kwa tochi kutoka ubavuni, kusanyeni kwa kadi ngumu, vuteni kwa sirinji, tieni kwenye chombo chenye mfuniko. Na vueni pete. Kuna kijana wetu aliyeokota matone kwa mkono, pete yake ya uchumba ikageuka nyeupe, maana zebaki hukamata dhahabu. Kumweleza mchumba ilikuwa kazi kuliko kusafisha sakafu.

6. Meno yaliyong'olewa yakiwa na amalgamu hayaingii kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa joto) wala tanuri la taka. Nawajua mnaokusanya meno ya mazoezi. Yaloweke kwenye fomalini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 10 wiki mbili, na aliyekwisha kuyachemsha aje aniambie leo, kabla chumba hakijafungwa.