Hapana, sikusomea mpira

Mtoto wa shangazi ameandika kwenye grupu la ukoo: "Kaka, wewe umesomea michezo Marekani na umemaliza. Mimi nimemaliza kidato cha sita na mpira naujua. Nije?" Mjomba akadakia: "Mwambie ukweli, usimfiche." Haya, Mjomba, ngoja niseme.

Sikusomea michezo. Nilisomea tiba ya wanamichezo. Jina la kozi kwa Kiingereza, athletic training, lina neno la mazoezi ndani yake, ndiyo maana hata Wamarekani wengine hudhani nahesabia watu pushapu jimu. Kazi yangu ni ile ya yule mnayemwona akikimbia uwanjani na begi mchezaji akianguka, ila huku mtu huyo huwa amekaa chuoni kama miaka sita.

Ndiyo, sita. Zamani digrii ya kwanza ilitosha. Tangu 2022 vyuo haviruhusiwi tena kupokea wanafunzi wapya wa fani hii ngazi hiyo: unamaliza kwanza digrii nyingine, kisha unasoma ya uzamili, kwa kawaida miaka miwili. Wakala akikuahidi minne, mkimbie. Na uulize kama kozi ya chuo hicho imeidhinishwa na CAATE, chombo kinachokagua kozi za fani hii, kwa sababu bila hivyo hukalii mtihani wa BOC, ule wa kukuthibitisha kufanya kazi, na bila mtihani huo cheti chako ni pambo la sebuleni. Mpira wako hawauhitaji. Wanataka baiolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Kama ulisoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia) una pa kuanzia. Kama ni HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza), jiandae kuanza chini.

Kabla ya kugusa mgonjwa wanadai chanjo, rekodi ya polisi na kipimo cha kifua kikuu. Mimi nilichomwa kile cha kwenye ngozi, mkono ukavimba, nesi akanitazama kana kwamba nimeleta maradhi kwenye begi. Kumbe ni BCG, ile chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia kovu la utotoni. Eksirei ikaonyesha kifua kizima, lakini wiki mbili za mafunzo zilishapotea. Wewe omba kipimo cha damu, hicho BCG haikichanganyi.

Mafunzo yenyewe nilianzia sekondari moja Texas, mwezi wa Agosti. Vijana wa mpira wa Kimarekani wamevaa kofia ngumu na mapedi kama wanakwenda vitani, jua linakausha mate. Mmoja akaanza kuropoka, akayumba. Joto la mwili limempanda hadi ubongo unayumba, na hapo hupimi kwapani wala mdomoni, maana kote kunadanganya. Unapima njia ya haja kubwa. (Mama nilipomsimulia alicheka mpaka simu ikakatika.) Tukamzamisha kwenye beseni la maji ya barafu. Gari la wagonjwa likafika, milango ikafunguliwa, mwalimu wangu akawaambia wasubiri: anapozwa kwanza hadi karibu nyuzi 39, ndipo anaondoka. Mikono yangu ilikufa ganzi. Kijana alipopata fahamu swali lake la kwanza lilikuwa kama Ijumaa atacheza.

Siku nyingi hazina ushujaa huo. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unajaza barafu, unaburuta majagi ya maji, unafunga bandeji miguu inayonuka, jioni unarudi kwenye vitabu. Hulipwi. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu saa 20 za kazi kwa wiki chuoni wakati wa masomo, lakini mafunzo yanazimeza. Ndiyo ile miezi mliyosema nimejisahau. Sikujisahau, nilikuwa nakula maharage.

Kilichonishinda zaidi ni kusema "hachezi". Aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo harudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali. Mimi niliyelelewa kutobishana na mtu mzima, nasimama mbele ya kocha mwenye mvi namkatalia mchezaji wake bora, wazazi wananizomea jukwaani. Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka. Siku hizi haitetemeki.

Baada ya kuhitimu viza inakupa miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako, kisha unahitaji mwajiri wa kukudhamini. Watatu walinipenda, nilipotaja viza wawili wakanyamaza. Yule wa tatu ndiye ninayemfanyia kazi. Na rafiki zangu wauguzi wananizidi mshahara, Mjomba, usidanganyike na picha za uwanjani.

Mdogo wangu, nitumie matokeo yako ya kidato cha sita. Video za magoli kaa nazo kwanza.