Umelipa, Lakini Faili Bado Liko Wazi

*Safu ya Muulize Karani: majibu ya karani mstaafu wa masjala ya mahakama kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi*

Shikamoo Mzee Karani. Mimi ni mkulima wa korosho, Newala. Mwaka 2018 nilikopa milioni nne kwa wakopeshaji wa hapa kwetu, za salfa na palizi. Ni ule msimu wa bei ya 3,300 kwa kilo. Malipo yakachelewa, marejesho yakanishinda. Wakanishitaki Mahakama ya Wilaya. Samansi sikuiona, nilikuwa Kilwa namuuguza mama. Nilikuja kushtuka mwaka 2020, dalali wa mahakama yuko uani anaandika friji na mashine ya kusaga. Nikauza kipande cha shamba, nikalipa lote ofisini kwao, risiti ninayo. Sasa nimeomba mkopo benki nimekataliwa, eti taarifa zangu zinasoma bado nadaiwa na nina hukumu. Mwanangu kasoma mtandaoni kuwa hukumu inafutika yenyewe baada ya miaka sita. Na kuna kijana stendi anataka laki na nusu anisafishie jina. Nimpe?

Marahaba mwanangu. Usimpe hata mia. Huyo hana mlango wowote wa kuingilia kwenye taarifa za wakopaji, na kabla hujamaliza kuhesabu pesa atakuwa ameshakuomba namba ya NIDA na laini yako ya simu. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana kwa vitu hivyo viwili mtu anaweza kukukopea mikopo ya simu usiku kucha wewe umelala.

Mwanao hajasoma uongo, ila kasoma sheria za wenzetu. Uingereza hukumu ya deni huingizwa kwenye rejista na kukaa humo miaka sita tangu siku iliyotolewa. Ukilipa lote ndani ya mwezi mmoja inaondolewa. Ukilipa baadaye inabaki mpaka miaka iishe, ila huandikwa kuwa imelipwa. Marekani nako, kampuni tatu kubwa za taarifa za wakopaji ziliacha kuonyesha hukumu za madai mwaka 2017. Kwetu miaka sita ipo, lakini kazi yake ni nyingine kabisa: ndani ya muda huo anayekudai kwa mkataba anatakiwa awe amefungua kesi. Akishapata hukumu, anayo miaka 12 ya kuomba kuikaza, yaani mahakama imsaidie kukulipisha kwa nguvu, kama kukamata mali. Kwa hiyo ukikaa kusubiri, muda unampendelea yeye.

Nikuulize wewe sasa: nakala ya ile risiti imeingia kwenye faili la mahakama? Barua yako haisemi, na kwa watu niliowahudumia dirishani, mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Mtu analipa ofisini kwa mdai, anapewa risiti, anakwenda nyumbani kuifungia kwenye kanga, anaamini mambo yamekwisha. Faili kule masjala linabaki na hukumu tupu. Sheria inamtaka mdai aliyelipwa nje ya mahakama aijulishe mahakama ili malipo yaandikwe. Asipofanya hivyo, wewe mdaiwa unaweza kuiomba mahakama imwite aeleze kwa nini yasiandikwe. Usidharau hatua hii. Malipo ambayo hayakuandikwa, mahakama inayokaza hukumu haiyatambui. Akija meneja mpya pale kwa wakopeshaji wako akakuta hukumu haina alama ya kulipwa, dalali anaweza kurudi uani kwako na sheria ikawa upande wake.

Nenda masjala na namba ya kesi. Kama umeipoteza, taja majina ya pande mbili na mwaka, karani atatafuta kwenye rejista. Omba nakala ya hukumu na omba kulisoma faili. Ukifika hapo tazama kiapo cha aliyepeleka samansi, uone kaandika alimkabidhi nani. Hukumu ya upande mmoja, yaani iliyotolewa wewe hukufika, huombewa kutenguliwa ndani ya siku 30. Ukichelewa inabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na sababu ziwe za maana. Kwa maoni yangu, kwa kuwa deni lilikuwa la kweli na umeshalilipa, usitumie pesa ya wakili kupigania hilo. Labda ukute walikuhesabia zaidi ya ulichokopa na riba mliyokubaliana. Hapo mtafute wakili kweli.

Hilo la mahakama likikamilika, jina lako benki bado halijapona. Afisa mikopo hafungi safari kwenda kufungua mafaili Newala. Anasoma taarifa ya kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, nazo zinapokea habari kutoka kwa wakopeshaji wenyewe. Waliokukopesha walipeleka habari kwamba hulipi. Ulipolipa, inaelekea hakuna aliyepeleka habari ya pili. Mahakama na kanzidata ya wakopaji hawajuani. Wewe ndiye mwenye kuibeba risiti kwenda kote kuwili.

Iulize benki iliyokukatalia imesoma taarifa ya kampuni gani, kisha omba nakala yako kwa kampuni hiyo ukiwa na kitambulisho. Angalia mkopeshaji aliyetajwa, salio, hali ya mkopo na tarehe ya mwisho kurekebishwa. Halafu waandikie wakopeshaji wako barua, uambatanishe risiti, udai mambo mawili: barua ya kumaliza deni, na marekebisho ya taarifa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Neno la mdomo la "tutashughulikia mama" halina muhuri. Wakikaa kimya, peleka pingamizi kwa kampuni ya taarifa. Ikishindikana, Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi.

Ila usidai wafute kila kitu. Ulichelewa kweli, na historia ya kuchelewa ni ukweli hata kama inauma. Unachodai ni isomeke kuwa deni limelipwa, salio sifuri.

Karani, mimi ni mwalimu Lindi mjini. Nilimdhamini mwenzangu wa kazini, kahama na hapatikani. Hukumu imetutaja wote wawili. Si wamdai yeye kwanza?

Si lazima, mwalimu. Mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine, kwa hiyo kausome tena mkataba uliosaini. Ukilipa wewe, unapata haki ya kumdai mwenzako kama alivyokuwa anadai mkopeshaji, basi kila shilingi itoke na risiti yenye namba ya kesi. Na nenda kawaone kabla hawajaomba kukaza hukumu. Mdai anayeona mtu kaja mwenyewe na mpango wa kulipa kila mwezi hukubali mengi. Mpango huo upelekwe mahakamani uandikwe, kwa sababu ile ile niliyomweleza mama wa Newala.

Mzee, naishi Nachingwea. Nadaiwa milioni mbili, hukumu ipo. Nikikubali kufungwa, deni si linakufa?

Halifi. Kifungo cha madai kinaweza kufika miezi sita, na anayekudai ndiye anayetoa pesa ya kukulisha huko ndani. Ukitoka, deni unalikuta lilipo na mali zako bado zinaweza kukamatwa. Nachingwea ni kwenye ufuta na korosho. Mpelekee mdai ahadi ya maandishi yenye tarehe za msimu, siyo "nikipata".