Ibuprofeni ya kila asubuhi? Usithubutu, mkuu

Mkuu, umeandika kwamba unaingia mbio za siku tano za milimani, kifundo kinauma kwa mbele tangu mazoezini, vidole vinatoka malengelenge, na unauliza soksi zipi na kama fimbo zina faida. Halafu mwishoni ukadokeza kwamba utameza ibuprofeni kila asubuhi "maumivu yasianze kabisa". Mimi nimekwama hapo hapo. Usimeze.

Ushauri huo nilipewa na mtu aliyejiita kocha, kambini, mbele ya watu: meza mbili kabla ya kuanza, mbili mchana, utamaliza. Hakuuliza nimekunywa maji kiasi gani wala nimekojoa lini. Nikameza. Mguu ukanyamaza, nikaushuka mlima mzima kwa kasi ambayo kano yenye maumivu isingekubali. Jioni mkojo ulitoka kidogo sana, wa kahawia, na mapaja yamevimba hayagusiki. Nikalazwa, dripu mkononi, damu ikitolewa kila mara kuangalia kama kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, imeshuka. Yule bwana nasikia bado anagawa vidonge kambini, na kila nikikumbuka damu inachemka. Mtu asiyejua figo inafanyaje kazi hana haki ya kumpa mwenzake dawa porini!

Ukikimbia saa nyingi kwenye joto, damu nyingi inakwenda kwenye misuli na ngozi, figo inabaki na kidogo. Mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini kuiachia mishipa ya figo ipitishe damu. Ibuprofeni, diklofenaki na naproksini kazi yake ni kuzuia hizo prostaglandini. Wakati huo huo miteremko inachana nyuzi za misuli, na protini yake, mioglobini, inamwagika kwenye damu na kwenda kuielemea figo ile ile. Ndiyo hiyo rangi ya kahawia.

Na hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wakimbiaji 89 wa mbio za siku nyingi, kwenye kipande cha kilomita 80. Wengine walipewa ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 4, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopata dalili za figo kuumia ni asilimia 52 upande wa ibuprofeni, na 34 upande wa pili. Yaani hata bila dawa figo inateswa, wewe unataka kuiongezea!

Sasa hicho kifundo. Weka vidole viwili mbele, juu kidogo ya kifundo, kisha kunja na kunjua mguu taratibu. Ukisikia kitu kinakwaruza chini ya vidole kama mchanga, hiyo ni kano ya misuli ya mbele ya ugoko imevimba kwenye ala yake, yaani mfuko mwembamba unaoizunguka. Mara nyingi kamba za kiatu zinaibana: ruka tundu la juu, legeza ulimi wa kiatu, miteremko ishuke kwa kutembea. Ila kama maumivu yako kwenye mfupa wenyewe, sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, na yanakuamsha usiku, hapo usianze mbio kabisa. Huo unaweza kuwa mfupa unaopasuka.

Kanuni yangu ni moja: maumivu yakishabadilisha hatua yako, unatembea, na yakizidi unaacha. Humezi kitu ili uendelee kukimbia. Paracetamol haiibani figo kwa namna hiyo, na usiku kambini inaweza kukusaidia kulala mradi usizidi gramu 4 kwa siku, lakini nayo isiwe ya kuficha kuchechemea.

Malengelenge toboa pembeni kwa sindano safi, ngozi ya juu iache, funika.

Kila jioni angalia mkojo kabla hujaangalia muda wako. Ukiwa wa kahawia, au saa nyingi zimepita hujakojoa ingawa unakunywa, nenda kwa daktari wa kambi usiku huo huo, usingoje asubuhi, na umtajie kila kidonge ulichomeza. Na usijilazimishe kunywa malita ya maji ili mkojo uwe mweupe, chumvi ikishuka kwenye damu nayo inaua. Pakiti ya ibuprofeni iache nyumbani.