Batumbula: jina linatoka wapi

Yaya, umeuliza kama batumbula ni bantu ba kweli ao ni woga tu ya kutisha nayo batoto, na jina linatoka wapi. Jina ni lepesi: kutumbula ni kupasua tumbo na kutosha bya ndani, vile mama anafanya samaki na kisu mbele ya kukaanga, sasa mwenye kufanyia bantu ile kazi njo mutumbula, bakiwa wengi batumbula.

Habari yenyewe ni ya wakati ya Babeleji, mji wetu wa Lubumbashi ungali unaitwa Élisabethville. Bazee balikuwa banasema mutumbula si muzungu mwenyewe, ni mweusi kama weye mwenye kutumikia muzungu, anatembea usiku, anakukuta peke yako anakukamata, unafungiwa, unalishwa mpaka unageuka nguruwe, kisha bazungu banakukula. Miye naona haikuwa ujinga, juu kazi ya ule wakati ilikuwa inakula bantu kweli kweli.

Sisi batoto ba Katuba, mtaa wa Lubumbashi, tulipata kipande kidogo tu. Mama anagonga sahani na kidole: maliza bukari (ugali), batumbula bako ku lupango (uwanja ya nyumba)! Nilikuwa namaliza hata ya baridi, masikio ku mulango. Kumbe ni mbwa ya jirani.

Bafransa nabo bako na croquemitaine, lakini ule ni wa kutisha batoto basi. Ndugu ya batumbula ni mumiani wa kule pwani, anayenyonya damu, na lile jina lilitoka Uajemi, mbele lilikuwa la dawa nyeusi kama lami.